Uzi: Silinda -4.25 na -3.75. Lenzi gani, fremu gani?

#1 Rongai_Moja

Wadau wa miwani, habari zenu. Cheti changu kipya cha macho ni hiki (SPH ni nguvu ya msingi ya lenzi, CYL ni silinda, yaani nguvu ya ziada ya upande mmoja, AXIS ni mwelekeo wa silinda hiyo kwa nyuzi):

Kulia: SPH -1.50, CYL -4.25, AXIS 175
Kushoto: SPH -2.00, CYL -3.75, AXIS 10
PD (umbali kati ya mboni mbili) milimita 62

Duka la kwanza mjini wananisukumia lenzi za indeksi 1.74 (indeksi ikipanda, lenzi inakuwa nyembamba) "kwa sababu namba ni kubwa". La pili wanasema 1.56 yatosha, na miwani itakuwa tayari baada ya saa moja. Bei zao zinapishana zaidi ya mara tatu. Bima ina kikomo chake, kikipita najazia mfukoni. Fremu niliyoipenda ni ya mraba, kubwa, lenzi yake upana milimita 54, kimo 44. Nani mkweli kati ya hao wawili?

#2 Kipimalenzi

Wote wameruka swali la kwanza, nalo ni fremu. Ukishapata fremu sahihi, habari ya indeksi inajimaliza yenyewe.

Lenzi yako haina nguvu moja. Ina mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Kwenye aksisi yenyewe (175, karibu mlalo) nguvu ni ile ya SPH, -1.50. Nyuzi 90 kutoka hapo, yaani wima, unajumlisha SPH na CYL: -1.50 na -4.25 ni -5.75. Jicho la kushoto hivyo hivyo, -2.00 na -3.75, tunarudi -5.75, nayo imesimama karibu wima.

Maana yake: lenzi zako zitakuwa nene juu na chini. Pembeni, upande wa sikio, hazitasumbua sana. Kwa hiyo kimo cha fremu ndicho kitakachoamua unene, upana si tatizo. Na wewe umechagua kimo cha 44.

Kanuni ya kukadiria kwa karatasi na kalamu, lenzi za kutoa (zenye alama ya -):

unene wa ukingo = unene wa katikati + (nguvu × umbali × umbali) ÷ (2000 × (indeksi − 1))

Umbali ni milimita kutoka kitovu cha lenzi hadi ukingo unaoutaka. Sasa weka namba zako, upande wa wima:

Fremu ya kimo 44, plastiki ya kawaida (1.50): umbali 22, unapata kama 2.8, ongeza 2.0 za katikati, jumla 4.8 mm.
Fremu hiyo hiyo, 1.74: 1.9 na 1.2 za katikati, jumla 3.1 mm.
Fremu ya kimo 30, plastiki ya kawaida: 1.3 na 2.0, jumla 3.3 mm.
Fremu ya kimo 30, 1.60: 1.1 na 1.5, jumla 2.6 mm.

Soma tena mstari wa pili na wa nne. Lenzi ya 1.60 ndani ya fremu fupi ni nyembamba kuliko 1.74 ndani ya fremu uliyoipenda. Duka la kwanza lingekuuzia lenzi ghali ili kufuta kosa la fremu.

Na hapo sijagusa pembe za mraba. Kwenye pembe, unene wa wima na wa mlalo hujumlika. Fremu yako ya 54 kwa 44 ingefika kama 4.1 mm kwenye pembe ya nje hata kwa 1.74.

#3 Ngara_Fokasi

Nakubaliana na #2, ila watu wengine watasoma uzi huu wakiwa na aksisi tofauti, kwa hiyo tuwawekee na wao.

Aksisi karibu na 180 (tuseme 160 hadi 20): nene juu na chini. Tafuta fremu fupi kwa kimo, 28 hadi 34. Chini ya 28 macho yanaanza kuchungulia nje ya lenzi ukishuka ngazi.

Aksisi karibu na 90 (70 hadi 110): mambo yanageuka. Nene upande wa pua na upande wa sikio. Hapa upana ndio adui, kimo kifanye kinavyotaka. Chukua nguvu zile zile za huyu ndugu lakini aksisi 90: fremu ya 50-18 itakupa ukingo wa nje wa kama 6.5 mm kwa plastiki ya kawaida. Shuka hadi 44-20, inakuwa kama 5.0. Kwa 1.67 katika hiyo ya 44-20 unafika 3.6.

Aksisi 45 au 135: unene unakaa kwenye pembe mbili zinazotazamana kimshazari. Epuka mraba na zile za umbo la rubani. Chukua umbo la yai au lenye pembe zilizolainishwa.

Namba za fremu zimechapwa ndani ya mkono wa miwani: 50□18-140 ni upana wa lenzi, daraja la puani, urefu wa mkono. Kimo hakiandikwi mara nyingi, beba rula. Jumlisha upana na daraja, utoe PD yako. Jibu likiwa dogo ndivyo lenzi inavyosogezwa kidogo. 50 na 18 ni 68, toa 62, zinabaki 6, nusu yake 3 kwa kila jicho. Hiyo ni nzuri. Ikifika 5 kwa kila jicho, tafuta fremu nyingine.

#4 Rongai_Moja

Kumbe. Basi nikikubali fremu fupi, hiyo 1.56 ya saa moja si itatosha?

#5 FundiKukata

Muulize huyo wa saa moja anaitoa wapi lenzi. Lenzi zilizo tayari kwenye rafu za maduka mengi huishia silinda -2.00. Kuna stoo chache zenye kufika -4.00. Ya -4.25 lazima ichongwe maabara: wanachukua lenzi nene isiyokamilika, wanachonga mgongo wake kwa namba zako, kisha wanaisugua na kupiga kotingi. Hilo ni suala la siku kadhaa.

Nini hutokea pale "saa moja" inapowezekana? Mojawapo ya haya. Silinda inakatwa hadi ile iliyopo rafuni, unaambiwa "utazoea". Au inafutwa kabisa na nusu yake kuingizwa kwenye SPH: ya kulia ingekuwa -3.62 tupu, wao wangeweka -3.50 au -3.75. Utaona herufi kubwa, utafurahi pale dukani, halafu namba za matatu zinabaki na vivuli na kichwa kinaanza kugonga jioni.

Kupunguza silinda si dhambi kwa yenyewe. Mpimaji anaweza kuamua kukuanzishia pungufu kama hujawahi kuvaa silinda kubwa, akipunguza 1.00 ya silinda anaongeza -0.50 kwenye SPH. Lakini huo ni uamuzi wa chumba cha kupimia na unaandikwa kwenye cheti. Mtu wa kaunta hana ruhusa ya kuufanya kwa sababu rafu yake imeishiwa.

#6 Kipimalenzi

Nyongeza kuhusu malighafi za lenzi, kwa sababu indeksi peke yake haielezi kitu chote. Kuna namba ya Abbe: ikiwa kubwa, rangi hazitawanyiki pembeni; ikiwa ndogo unaona kingo za bluu na chungwa kuzunguka maandishi meusi au taa.

Plastiki ya kawaida, CR-39: indeksi 1.498, Abbe 58. Macho yanaipenda.
Trivex: 1.53, Abbe 43 hadi 45, nyepesi kuliko zote, haivunjiki ovyo.
Polikaboneti: 1.586, Abbe 30. Ngumu kuvunjika, ila rangi.
1.60 (aina ya MR-8): Abbe 41.
1.67: Abbe 31 au 32.
1.74: Abbe 33, na ndiyo nzito kuliko plastiki zote hizi kwa ujazo ule ule.

Tazama namba zako. Ukishusha macho milimita 15 chini ya kitovu kusoma simu, nguvu ya -5.75 inazaa prizimu (mpindo wa mwanga) ya 8.6. Gawanya kwa Abbe: polikaboneti unapata 0.29 ya mtawanyiko wa rangi, 1.60 unapata 0.21, plastiki ya kawaida 0.15. Mwenye silinda ya wima kama yako husikia tofauti hii akisoma, siyo akitazama pembeni. Polikaboneti kwa mtu mzima asiyefanya kazi ya kuchomelea wala kucheza raga ni chaguo ninaloliona la bure tu.

Kwako: 1.60. Ukibanwa na bajeti, plastiki ya kawaida ndani ya fremu ya kimo 30 ni 3.3 mm, na fremu nene ya plastiki inaficha yote hayo. Hakuna atakayejua.

#7 Msafiri_Thika

Kwa hivyo 1.74 ni utapeli?

#8 Kipimalenzi

Hapana. Mwenye -9 au -10 kwenye mhimili mkali (upande wenye nguvu kubwa zaidi) anaihitaji. Kwa -5.75 unalipia sehemu ndogo ya milimita, na unapoteza Abbe.

#9 Optika_Eastlands

Hamjagusa aksisi, na kwa silinda ya 4 aksisi ndiyo roho ya miwani. Silinda ikikaa vibaya, haipungui tu, inazaa silinda nyingine mpya isiyo kwenye jicho lako. Kanuni: mara mbili ya silinda mara sine ya kosa. Kwa -4.25:

Kosa la nyuzi 2: 0.30 ya dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) inabaki.
Nyuzi 5: 0.74.
Nyuzi 10: karibu 1.50.
Nyuzi 30: 4.25 nzima, ni kama umevaa miwani isiyo na silinda.

Mwenye silinda ya 0.50 anaweza kukosewa nyuzi 7 asijue. Kiwango cha Marekani, ANSI Z80.1, kinamruhusu huyo nyuzi 7, lakini silinda ikizidi 1.50 kinaruhusu 2 tu. Ukienda kuchukua miwani, waambie waiweke kwenye mashine ya kupimia lenzi mbele yako na wakuonyeshe aksisi inayosomeka. Ikisoma 170 mahali pa 175, rudisha. Usivutwe na "ni kidogo tu".

Na hapa fremu inarudi tena. Usichukue fremu ya duara kamili. Lenzi ya duara inaweza kuzunguka ndani ya rimu, hakuna kona ya kuishikilia. Duara la milimita 46 lina mzingo wa kama 144 mm, kwa hiyo kila nyuzi 1 ni milimita 0.4. Ukiifuta kwa nguvu ikateleza milimita 2, umepoteza nyuzi 5, tayari 0.74 ya dayopta. Fremu isiwe duara: hata kona moja iliyonyooka kidogo juu yatosha.

Kama una ya duara tayari na huwezi kuiacha, mwambie fundi akate lenzi kwa kubana kidogo, aweke uzi mwembamba wa plastiki kwenye mfereji wa rimu, na apige nukta mbili ndogo za wino: moja kwenye ukingo wa lenzi, moja kwenye rimu. Nukta zikiachana, unajua.

#10 FundiKukata

Nukta ya wino inafutika na kitambaa. Mimi napiga alama ya kisu chembamba sana kwenye ukingo, ndani ya mfereji, hakuna anayeiona mpaka skrubu ifunguliwe. Lakini kwa mteja wa kawaida wino ni sawa, arudie.

Na skrubu ya rimu ya chuma ikazwe kabla ya kulaumu lenzi. Nusu ya lenzi "zilizozunguka" ni skrubu iliyolegea.

#11 Rongai_Moja

Naweza kukagua mwenyewe nyumbani? Sina mashine.

#12 Optika_Eastlands

Unaweza kunasa kosa kubwa, si la nyuzi 2. Simama mbele ya mlango wenye fremu iliyonyooka. Shika miwani mkono ukiwa umenyooka, kama sentimita 40 kutoka jichoni, funga jicho moja, tazama ukingo wima wa mlango kupitia lenzi moja. Uhakikishe ukingo unaonekana pia juu na chini ya lenzi, nje yake.

Sogeza lenzi kushoto au kulia mpaka mstari wa ndani uungane na wa nje. Sasa angalia mwelekeo: miwani ikiwa mlalo kabisa, mstari ndani ya lenzi yako utaonekana umeinama kidogo ukilinganisha na wa nje, kwa sababu aksisi yako si 180 kamili. Zungusha miwani polepole kama usukani mpaka mstari wa ndani unyooke sambamba na wa nje. Simamisha hapo. Weka simu juu ya fremu, tumia programu ya pima-maji, soma nyuzi.

Kwa cheti chako: lenzi ya kulia inyooke ukiwa umezungusha kama 5, ya kushoto kama 10, na pande zinazopishana. Zote mbili zikidai mzunguko wa upande mmoja, moja imekosewa. Ya kulia ikidai 15, pia imekosewa. Fanya mara kadhaa uchukue wastani, mkono hutetemeka.

#13 Dawa_ya_Jicho

Hapa natia neno la upande wa kupimwa, maana lenzi nzuri ya cheti kibaya ni hasara iliyong'arishwa.

Kile kikaratasi kidogo kinachotoka kwenye mashine baada ya kutazama picha ya nyumba au puto si cheti. Ni makadirio ya kuanzia. Baada yake mpimaji anapaswa kukuweka lenzi za majaribio na kukuuliza "ya kwanza au ya pili" akigeuza kile kilenzi chenye mpini, kwanza kwa aksisi, kisha kwa nguvu ya silinda, kila jicho peke yake. Kwa silinda ya 4, hatua hiyo ya aksisi haifai kuwa ya dakika moja. Kampeni za kupimwa bure mara nyingi huishia kwenye kikaratasi.

Ukiwa unajibu, kichwa kikae wima. Ukiinamisha kichwa nyuzi 5 kuelekea bega, unampa aksisi ya uongo.

Kisha mwambie akuache na fremu ya majaribio usoni dakika 10, utembee koridoni, ushuke ngazi. Sakafu ikiinama sana hapo, mjadala wa kupunguza silinda ufanyike sasa, kabla ya lenzi kuchongwa.

Mambo mengine ya kudai kwenye cheti: PD ya kila jicho kando (si 62 tu, bali mfano 30.5 na 31.5), na umbali kutoka jicho hadi lenzi uliotumika kupimia.

#14 Ngara_Fokasi

> PD ya kila jicho kando

Na kimo! Kwa huyu ndugu kimo ni muhimu kuliko PD. Kosa la PD la milimita 3 kwenye nguvu ya mlalo ya -1.50 ni prizimu ya 0.45 tu. Lakini kitovu cha lenzi moja kikiwa milimita 2 juu kuliko kingine, kwenye nguvu ya wima ya -5.75 ni prizimu ya 1.15 ya juu-chini. Macho yanavumilia prizimu ya pembeni, ya wima hayaivumilii: maneno yanapanda juu ya mengine, kichwa kinauma, unafunga jicho moja bila kujua.

Maduka mengi, kwa lenzi za umbali mmoja, yanapima PD tu na kuweka kitovu katikati ya kimo cha fremu. Wewe omba hivi: fremu ikae usoni ikiwa imeshanyooshwa na pua zake zimerekebishwa, mtu akae mbele yako kimo sawa, aweke nukta kwenye lenzi bandia mbele ya kila mboni. Kitovu cha macho kishushwe milimita 1 kwa kila nyuzi 2 za mwinamo wa fremu. Mwinamo wa kawaida ni 8 hivi, kwa hiyo milimita 4 chini ya mboni. Tofauti ya vitovu viwili isizidi milimita 1, isipokuwa mboni zenyewe zinatofautiana kimo.

#15 Msafiri_Thika

Sakafu kuinama inatoka wapi hasa? Kila mtu analalamika hilo.

#16 Kipimalenzi

Lenzi ya kutoa hupunguza ukubwa wa picha. Yako inapunguza zaidi kwa wima kuliko kwa mlalo, kwa tofauti ya silinda. Lenzi ikiwa milimita 12 kutoka jichoni, silinda ya 4.25 inaleta tofauti ya kama asilimia 5. Duara linakuwa yai. Aksisi za macho mawili zisipofanana, kama 175 na 10, mayai yanainamia pande tofauti, ubongo unatafsiri kuwa ardhi ina mteremko.

Dawa zake: fremu ikae karibu na jicho (12 mm bora kuliko 16, rekebisha pua za miwani), na mkunjo wa mbele wa lenzi usibadilike sana kutoka miwani ya zamani. Wape miwani ya zamani maabara waipime mkunjo. Vaa tangu asubuhi, siyo kuvaa na kuvua. Wiki moja hadi mbili mteremko unaisha. Ukifika wiki ya tatu bado unajikwaa, rudi, kuna kitu hakijakaa.

Usiendeshe gari siku ya kwanza.

#17 Optika_Eastlands

Na aina ya uchongaji. Lenzi ya kawaida ya mkunjo wa tufe inaweza kufanywa safi pembeni kwa mhimili mmoja tu, ule mwingine unabaki na ukungu. Kwa silinda kubwa omba lenzi ya umbali mmoja iliyochongwa kidijitali, inayosahihisha mihimili yote miwili. Mimi ningetoa pesa hapa kabla ya kuzitoa kwenye 1.67.

Angalizo: ukiagiza iliyokokotolewa kwa mkao wa fremu (umbali, mwinamo, mpindo), namba kwenye mashine zinaweza kutofautiana kidogo na cheti, na ndivyo inavyotakiwa. Maabara hutoa karatasi yenye namba zilizorekebishwa. Idai karatasi hiyo, ndiyo utakayolinganisha nayo.

#18 Mama_Kijana

Samahani nadandia uzi. Mtoto wa miaka 7, CYL -3.50 macho yote, aksisi 180. Nimeambiwa asubiri akue.

#19 Dawa_ya_Jicho

Asisubiri, mama. Silinda kubwa isiyorekebishwa utotoni huufanya ubongo usijifunze kuona wazi upande mmoja wa mistari, na baadaye hata miwani haileti uwazi kamili. Apimwe akiwa ametiwa matone ya kulegeza jicho, apewe silinda kamili, avae kutwa nzima. Watoto huzoea haraka kuliko sisi.

Kwake ndiko polikaboneti au Trivex zina kazi, kwa usalama. Trivex ikipatikana ichukue. Fremu ndogo, isiyo duara, mikono inayozunguka nyuma ya sikio au kamba. Miwani ikiteleza hadi ncha ya pua, kitovu kimeshuka na yote tuliyosema hapo juu yameharibika.

#20 Dawa_ya_Jicho

Jingine, kwa vijana hasa. Silinda ikipanda kila mwaka, aksisi ikihama, au miwani mipya isifikishe uwazi, usinunue lenzi ghali kwanza. Inaweza kuwa konea (kioo cha mbele cha jicho) inayochongoka. Wanaokuna macho sana kwa mzio wako kwenye hatari zaidi. Uliza kipimo cha ramani ya konea: hospitali za macho kama ile ya Lions kule Loresho, Nairobi, kitengo cha macho cha PCEA Kikuyu au Kenyatta, piga simu kwanza uthibitishe mashine ipo na inafanya kazi siku hiyo. Silinda ya aina hiyo si nyoofu, na hakuna lenzi ya miwani itakayoinyoosha. Hapo zinatumika lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho lenyewe, na kuna matibabu ya kuimarisha konea ili isiendelee.

Cheti cha hospitali pia huweza kuja na silinda ya kujumlisha. Cha Rongai_Moja, jicho la kulia, kikiandikwa hivyo kingesomeka -5.75 / +4.25 x 85. Ni lenzi ile ile. Kubadilisha: jumlisha SPH na CYL upate SPH mpya, geuza alama ya CYL, ongeza au toa 90 kwenye aksisi. Anayenakili bila kutazama alama ataweka -5.75 / -4.25 x 85, na hiyo haivaliki.

#21 Msafiri_Thika

Na kotingi? Wanataka niongeze ya mwanga wa buluu.

#22 Ngara_Fokasi

Ya kuzuia mng'ao, ndiyo, hasa 1.60 kwenda juu, maana indeksi kubwa huakisi zaidi. Utaiona tofauti usiku kwa taa za magari Waiyaki Way. Ya mwanga wa buluu, acha: mapitio ya Cochrane ya 2023 hayakuona ikipunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta.

Kutunza: suuza vumbi kwa maji kwanza, kisha kitambaa. Pindo la shati lenye vumbi la mjini ni msasa. Usiiache kwenye dashibodi juani, kotingi hupasuka nyufa ndogo ndogo na haitengenezeki.

#23 Rongai_Moja

Asanteni sana. Nimeandika hivi nikabidhi duka la tatu, nisahihishwe:

Fremu 50-18, kimo 30 hadi 32, pembe zimelainishwa, si duara. Lenzi 1.60, umbali mmoja, kidijitali, kotingi ya kuzuia mng'ao. Silinda kamili kama cheti. PD 30.5 na 31.5 (nitapimwa tena), kimo kwa nukta. Nipimiwe kwenye mashine nikichukua, aksisi isizidi kosa la nyuzi 2.

#24 FundiKukata

Iko sawa. Ongeza vitu viwili. Andika "bei ya fremu na bei ya lenzi zitenganishwe kwenye risiti", ili lenzi ikirudiwa usilipishwe fremu, na bima nao waone. Na muda wa kurudisha uandikwe: lenzi ya kuchongwa haiwezi kuuziwa mtu mwingine, kwa hiyo mkikosana bila karatasi, utabaki nayo.

#25 Kipimalenzi

Na ukienda, vaa miwani ya zamani. Waipime namba na mkunjo kabla hujaketi.